Mwisho wa Kitabu Ulikuwa Nyuma ya Lango

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliopata viti, asifiwe na mliosimama kule nyuma karibu na birika la chai! Mchungaji ameniomba ushuhuda huu niuandike, usomwe, kwa sababu anadai nikishika kipaza sauti mimi, chakula cha mchana mnakula machweo. Sawa, nimeandika. Lakini anayesoma asome kwa nguvu, maana nilipoandika nilikuwa na hasira, na hasira ikisomwa polepole inakuwa tangazo la msiba.

Nianze na uongo. Sikuutunga mimi, ila niliupokea nikaulea kama mwanangu. Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wote, kwamba zile nguzo mbili za kwenye mlango wa maktaba kubwa ya mjini, zile unazopita katikati yake, ni mashine ya watu wa uhamiaji. Kwamba zina jicho linalosoma karatasi ya mtu hata akiificha ndani ya soksi. Karatasi yako ikiwa imekwisha muda, lango linalia. Likilia, walinzi wanakushusha kwa ngazi ya nyuma, unatumbukizwa kwenye gari jeupe lenye wavu, na gari hilo halisimami kwenye roboti hata taa ikiwa nyekundu, mpaka mpakani.

Aliyenipa habari hii ni Papaa Kasongo, Mkongomani aliyepanga kibaraza cha fleti yetu pale Berea, hapa Johannesburg. Ndiyo, kibaraza. Amekizungushia maturubai, ameweka kitanda, na ukipita barabarani unaona miguu yake. "Ndugu, nilionaka na macho yangu!" aliniapia. "Mutu aliingia na begi na miwani, kama profesa. Lango ikalia. Mpaka leo bibi yake anapika, anangoja."

Msicheke! Nani kati yenu angekataa? Katika mji ambao benki inakufungia kwanza ndani ya sanduku la kioo ndipo ikwambie karibu, nani atashangaa maktaba ikiwa na meno? Polisi aliwahi kunisimamisha kona ya nyumbani kwangu, akanigusa kiwiko, akataka nikitaje kwa Kizulu, ajue kama mimi ni mgeni. Nikakitaja. Akagusa goti. Nikalitaja. Mke wangu alinifundisha mwili mzima, kutoka utosini mpaka ukuchani, ndiyo maana bado mnaniona hapa. Mtu aliyepimwa kiwiko barabarani haoni ajabu kupimwa soksi maktabani. Basi kwa miaka na miaka nilipita ng'ambo ya barabara ile kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa.

Na mimi, ndugu zangu, ni mlevi wa vitabu! Hapo ndipo adui alipokuwa amenipatia.

Nilitoka Morogoro na darasa la saba langu na mke. Nomsa ni mtoto wa hapa, wa Soweto. Alikuja kwetu msichana mdogo pamoja na wapigania uhuru waliokimbia, akakulia kwetu, akaloweka kanzu kwa sabuni ya kipande kama sisi, akajua kusonga ugali kuliko dada zangu, nami nikamwoa. Baada ya uchaguzi ule mkubwa wakaambiwa rudini nyumbani. Tukarudi. Yaani yeye akarudi, mimi nikaja. Binti yetu Tumaini alikuwa mgongoni. Nikapata kazi ya ufundi wa makochi Fordsburg, na jioni nikaingia shule ya watu wazima, nikasoma na vijana wa kuwazaa na bibi mmoja aliyesinzia kwenye hesabu tu. Siku nilipokabidhiwa cheti cha kumaliza sekondari nililia mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama bomba limepasuka.

Tangu hapo sikuacha kusoma. Vitabu nilivipata kwenye vijia vya Braamfontein, ambako wanafunzi wa chuo wakimaliza mitihani huvitupa kama maganda, na wauzaji huvipanga chini juu ya gunia. Nomsa anafanya kazi ofisini huko huko, naye ni msomaji kuliko mimi, ila yeye anasoma kimya. Mimi nasoma kwa sauti. Karakana nasoma na misumari mdomoni. Nyumbani nasoma bafuni, na bafu letu ni la fleti nzima, kwa hiyo wengi wenu mnaonifahamu mlinifahamu kwanza kwa kunigongea mlango.

Lakini sikusoma kwa amani. Nilisoma kwa hasira! Kila kitabu kilichokuja kilinidhulumu.

Kulikuwa na kimoja cha msafiri aliyezunguka, anasema, Afrika yote. Ukimfuata vizuri unagundua alizunguka hoteli. Nchini kwetu alikutana na mtu mmoja tu, mhudumu, akaandika kwamba mtu yule alikuwa na tabasamu kama jua la asubuhi. Jua la asubuhi! Yule kijana alikuwa anamsubiri bwana mkubwa amalize bia yake ili yeye akalale! Nilikifokea kitabu kile mpaka Papaa Kasongo akapita mlangoni akauliza, "Ndugu, uko na nani humo ndani?"

Kulikuwa na kingine cha mhubiri wa utajiri. Alisema kila alfajiri upande juu ya kiti, uinue mikono, uagize utakacho. Nikapanda. Mimi fundi wa viti, nikasahau kwamba kile nilikuwa nimekitoa misumari jana yake. Mwandishi yule, nyuma ya jalada, amepigwa picha kaegemea gari. Mimi nilipigwa picha ya eksirei. Tumaini alicheka akapata kwikwi, na Nomsa akiwa ananikanda mgongo alisema, "Baba Tumaini, uliagiza nini?" Nikamwambia niliagiza nyumba. "Imekuja sakafu," akasema.

Na kilichoniuma zaidi kilikuwa cha mzee mmoja aliyerudi kutoka uhamishoni, mkubwa sasa, ana dereva. Aliandika maisha yake kwetu Morogoro. Nikakipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ndugu zangu, mbu wa Morogoro wamepata sura nzima! Mvua imepata sura. Malaria ina sura mbili. Mama zetu waliowapikia, waliowalelea watoto, waliowazika wenzao, hawakupata hata nukta! Mwishoni ameshukuru serikali, chama na mbwa wake. Kitabu kile nilikirusha ukutani. Nomsa alikiokota, akafuta vumbi, akasema tu, "Mama yako alikuwa anamtilia nazi zaidi yule." Halafu akaingia jikoni.

Nawaeleza haya mjue moyo wangu ulikuwaje siku shida kubwa ilipobisha hodi. Moyo wangu ulikuwa petroli.

Mjomba wake Nomsa alifariki, tukaenda Soweto kumzika. Mnajua desturi za watu hawa. Ng'ombe akichinjwa, wakwe wa kiume huitwa. Wanachuna, wanakata, wanajaza masufuria, wanatukanwa kidogo kwa utani, na kazi hiyo ndiyo heshima yenyewe, ndiyo kusema wewe ni wetu. Nilivaa shati ambalo sikulionea huruma. Nilikunja mikono mapema. Nilibeba na kisu changu cha kukatia ngozi za makochi, nimekinoa mpaka kingeweza kukata kivuli. Wakaitwa wakwe. Mmoja mmoja kwa jina. Hata mvulana aliyekuwa anamchumbia binti wa jirani aliitwa! Mimi nikasogea. Binamu mmoja akanishika bega, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua: "Wewe kaa pale na wageni, ndugu. Usijichafue."

Nikakaa na wageni, mikono imekunjwa, kisu mfukoni. Nikaletewa nyama ya kuchemsha kwenye sahani ya maua.

Baada ya mazishi, mama mkwe wangu, ambaye Tumaini anamwita Gogo, alimwita Nomsa chumbani. Walipotoka Nomsa alikuwa hatazami mtu. Usiku ule ule wa kurudi alinieleza, kwa sababu mke wangu hafichi. Nyumba ya marehemu imebaki tupu. Gogo anampa Nomsa na Tumaini wahamie, watoke kwenye fleti tunayogawana na wapangaji wengine kwa mapazia. Na mimi? "Yule mtu wa Berea," Gogo alikuwa amesema, "abaki Berea."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitampa jibu Pasaka."

"Jibu gani?"

"Nafikiri, Baba Tumaini."

Nafikiri! Ndugu zangu, nimesoma kamusi toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuna neno linalotisha kama hilo likitoka mdomoni mwa mke. Sikumlaumu. Nani asingefikiri? Kule nyumba ya matofali, ua, mti wa pichi, choo cha peke yako! Huku lifti iliyokufa kabla hatujafika, na miguu ya Papaa Kasongo. Lakini nilikasirika. Nilimkasirikia Gogo, nikamkasirikia marehemu kwa kufa akiwa na nyumba, nikaikasirikia ofisi iliyoniambia kila nilipokwenda kuhuisha karatasi yangu ya kuishi hapa kama mume wa Nomsa kwamba rudi wiki ijayo. Karatasi ikazeeka ndani ya soksi. Hata harufu yake ilikuwa imekwisha muda.

Sasa sikilizeni kazi ya adui. Siku zile zile Nomsa alinunua Braamfontein kitabu kipya, hadithi, jalada lake lina mwanamke amekaa juu ya sanduku. Alikisoma akiwa amenipa mgongo kitandani. Siku moja nikakikuta juu ya meza, nikakichukua, nikaenda nacho bafuni.

Mwanamke wa kitabu kile karudi kwao kutoka nchi ya mbali. Karudi na mume mgeni. Ndugu zake wanamtaka yeye, hawamtaki mume. Kuna nyumba. Naam! Kuna nyumba! Nikaangalia jalada kama jina la mwandishi ni la mtu wa ukoo wa Gogo. Mama wa hadithi anamwambia bintiye achague. Mwanamke anaomba muda. Nilisoma watu wakigonga, nikasoma wakipiga mateke, nikafika pale anaposimama mlangoni, sanduku mkononi, mume ndani, gari la kaka yake nje linanguruma, akafungua mdomo aseme...

Basi. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Zimechanwa! Na palipochanwa palikuwa peupe, hapana vumbi, hapana doa. Si mkono wa muuzaji wala wa mwanafunzi. Ni mkono wa nyumbani kwangu.

Mungu wangu! Nilijua Nomsa amechana. Na kama amechana, nikawaza, ni kwa sababu mwanamke yule aliondoka, na Nomsa hataki nijue kabla ya Pasaka. Mngesema si ungemuuliza? Sikumuuliza. Mume mwenye hasira huuliza kila kitu isipokuwa kile anachotaka kujua. Nilimuuliza chumvi iko wapi. Nilimuuliza kwa nini pasi imewekwa pale. Nilimuuliza nani kafungua dirisha. Nomsa akawa ananitazama, na mimi nikawa nafoka. Tumaini akaacha kufanya masomo mezani, akahamia ngazini na madaftari yake. Siku moja alipita akaniambia, "Eish, Baba, kitabu hakisikii." Mtoto ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, na nilipaswa kuinama nimbusu. Nikamuuliza kwa nini hajatoa takataka.

Nilitafuta nakala nyingine ya kitabu kile kama mtu anayetafuta mtoto. Vijia vyote vya Braamfontein, hakuna. Kwenye duka la vitabu vipya kilikuwepo, lakini nilipokifungua mwishoni nikiwa nimesimama, mlinzi alikuja akatazama mikono yangu ya gundi, akanisindikiza mpaka nje kama bwana harusi. Muuzaji mmoja wa gunia akanihurumia: "Kiko maktaba kuu, baba. Nenda ukasome bure."

Bure! Nyuma ya lile lango!

Nikalala na kuamka na jambo hilo. Pasaka inakuja, jibu la mke wangu limo kitabuni, kitabu kimo maktabani, na mlangoni kuna mashine inayosoma soksi. Nikakonda. Suruali ilishikwa na mkanda, mkanda ukashikwa na imani. Kama kuna anayedhani naongeza chumvi, amuulize Mchungaji, alinipangia kufunga na kuomba wakati nilikuwa sina hata chakula cha kuacha.

Ndipo, ndugu zangu, ikaja siku. Nilikuwa karakana, nimepiga magoti mbele ya kochi la watu, nagongea kitambaa, misumari imejaa mdomoni. Ilikuwa mchana tu, saa za kawaida, redio inaimba. Hasira ikanipanda kooni nikataka kupiga kelele, na sikuweza kwa sababu ya misumari. Kwa mara ya kwanza toka mazishi nikawa nimenyamaza. Na katika kunyamaza kule nikasikia kwamba hasira yangu yote, yote kabisa, ilikuwa ni woga uliovaa koti. Nilimwogopa Gogo, niliogopa lango, na zaidi nilimwogopa mke wangu mwenyewe. Nikaomba hapo hapo bila kufungua midomo. Nikasema, Bwana, ama uutoe woga huu ndani yangu, ama unitoe mimi Johannesburg. Kama ni kukamatwa, nikamatwe nikiwa najua mwisho.

Mungu anaelewa hata misumari! Nilisikia kitu kimelegea, kama uzi wa kochi ukikatwa, springi zote zikapanda juu kwa pamoja. Nikacheka. Misumari ikamwagika.

Jumamosi nikavaa suti yangu ya cheti. Nomsa alikuwa sokoni. Nikamuaga Tumaini, nikamwambia, "Nisiporudi, mwambie mama yako nimekwenda maktaba kuangalia mwisho wa kile kitabu." Akanitazama juu mpaka chini. "Baba, maktaba inafunga saa saba," akasema. Yeye alidhani nasema juu ya saa.

Nilifika. Ngazi za pale ni ndefu kuliko za mbinguni. Nikaitoa karatasi kwenye soksi mwenyewe, nikainyanyua juu kwa mikono miwili kama mbeba bendera, ili lango lisipate taabu ya kutafuta. Watu wakanipisha. Nikafumba macho. Nikapita.

Kimya.

Lango halikulia! Haleluya! Karatasi iliyooza, iliyokwisha muda, na lango likanyamaza kama simba wa shimoni! Nilitaka kupiga magoti pale pale, ila nyuma yangu kulikuwa na mwanafunzi anaharakisha. Nikakitafuta kitabu, nikakipata, kimekamilika, kina kurasa zake zote. Nikakaa sakafuni kati ya kabati na kabati, nikafungua mwishoni.

Akaondoka. Yule mwanamke akaondoka. Alifungua mdomo akasema "nisamehe", akaingia kwenye gari, na mwandishi akamaliza kwa kuandika kwamba hakugeuka nyuma. Hakugeuka! Mume kaachwa mlangoni, hajapewa hata sentensi moja ya kusema. Kurasa zote zile, mtu kamfuata mke ng'ambo ya mipaka yote, halafu hapewi hata neno!

Nilitaka kukasirika nisiweze. Niliwaza mti wa pichi. Nikawaza Tumaini akiwa na meza yake mwenyewe. Nikasema, Bwana, basi, nimejua mwisho.

"Umekaa sakafuni na suti?"

Nomsa alikuwa amesimama mbele yangu, anahema, mkononi ana mfuko wa spinachi. Tumaini alikuwa amempa ujumbe wangu, naye alikuja mbio kutoka Berea bila hata kuweka mboga chini. Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwuliza, hatimaye, nilichotaka kujua: "Wewe ndiye uliyechana?"

"Mimi," akasema. Hakupepesa. "Nilichana, nikawashia jiko la mkaa pale kibarazani kwa Papaa Kasongo. Tena nilitaka kukichana chote."

"Kwa sababu anaondoka."

"Kwa sababu ni uongo!" Sauti yake ilipanda, maktabani, mwanamke anayesoma kimya! Watu wakainua vichwa. "Mwanamke gani huyo? Nani anakaa na mtu miaka yote ile, analia naye, anazaa naye, halafu anasema nisamehe na kuingia kwenye gari? Aliyeandika hii hajawahi kuishi na mtu! Mimi nililelewa kwenu. Mama yako alinisuka nywele nilipokuwa sina mama karibu. Leo nimwachie nani mwanawe, Papaa Kasongo?"

"Na Gogo?" nikauliza. "Na Pasaka?"

"Gogo nilishamjibu Jumapili iliyopita, kwa simu. Nilimwambia nyumba ambayo mume wangu hana mlango, na mimi sina mlango."

"Jumapili! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi, Baba Tumaini? Ulikuwa unagombana na kitabu."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno mengi, mnanijua. Siku hiyo niliinuka tu, nikajipangusa suti.

Sasa hapa naomba nisimame kidogo kabla sijawaambia tulivyotoka. Nataka kumshukuru Mungu. Sisemi ameniondolea hasira yote, nitakuwa mwongo madhabahuni. Yule mzee wa mbu bado namkasirikia, na siku akishuka kwenye gari lake nitamwuliza habari za mama zetu, tena kwa sauti. Hasira nyingine ni za haki, nadhani Bwana ameniachia nizitumie. Lakini woga ameutoa! Gogo bado hajaniita kwa jina. Ila Krismasi iliyopita aliniletea kochi lake nilitengeneze, akakaa karibu yangu kama msimamizi, akanitukana kwa utani kwamba fundi gani anameza misumari. Sijui kama ni upendo au ni kochi. Nililigonga kwa nyimbo.

Na wewe uliye hapa leo, uliyekaa na kisu chako mfukoni ukingoja kuitwa jina. Wewe unayefoka nyumbani juu ya pasi na dirisha wakati unaogopa jambo lingine kabisa. Wewe mwenye karatasi ndani ya soksi: mtumaini Bwana. Mkabidhi lile ambalo huthubutu kuuliza. Halafu nenda ukaulize! Usimalizie maisha yako kwa kurasa alizoandika mtu asiyemjua mkeo. Nenda, yupo anayetangulia mlangoni. Mimi alinitangulia, nami ni shahidi.

Sasa tulivyotoka.

Tuliondoka kati ya kabati tukiwa tunaongea wote wawili kwa pamoja, tunamtukana mwandishi, yeye kwa Kizulu, mimi kwa Kiswahili. Nomsa alitangulia na spinachi yake. Mimi nikafuata, mtu huru, kifua mbele, na katika furaha ile sikujua kwamba kitabu kilikuwa bado kwapani mwangu. Nikapita kati ya zile nguzo mbili.

Lango likalia!

Ndugu zangu, lililia kama treni! Nikaanguka magoti, mikono juu, karatasi mkononi, nikapiga kelele maktaba nzima isikie: "Nina mke! Nina mke hapa! Mwambieni Papaa Kasongo wamenipata!" Mlinzi akanyanyuka kitini, mdomo wazi. Nikafumba macho nikingoja ngazi ya nyuma na gari jeupe.

Nikasikia mfuko wa spinachi unawekwa chini. Nikasikia mkono wa Nomsa kwapani mwangu, unavuta kitu taratibu.

"Baba Tumaini, amka," akasema. "Lango hili halimjui mtu. Linalia kitabu kikitoka bila kuandikishwa. Kirudishe, twende nyumbani."